Filimbi Nyekundu kwenye Mlima wa Ilewa

Nimesikia mnataka kuwapandisha wageni mlimani. Mjukuu wangu Nema ameniambia mnakutana jioni pale shuleni, vijana kumi na kitu, na mmeshachora hadi kibao cha kuweka barabarani: Karibu Bonde la Ilewa. Kibao nimekiona. Ng'ombe mliyemchora ana pembe za swala, lakini sina ugomvi na kibao. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kuniuliza habari za njia, wakati mimi njia ile nimeipanda na wageni miaka tisa, baada ya kukamua ng'ombe wa ranchi miaka kumi na minne.

Sikusoma sana. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute maneno ya chuoni humu. Nitawaambia kazi ilivyo, na nitawaambia siku ambayo nilikaribia kumuua mtu kwa mkono wangu mwenyewe, bila kumgusa. Hapo someni mara mbili.

Kwanza ng'ombe, maana wageni wenu watataka kuwaona ng'ombe kabla ya kuuona mlima.

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilikuja nimejipaka mafuta yenye marashi. Nilikuwa binti, nimeajiriwa ranchi ya serikali, nikaona ni lazima ninukie. Nikamwendea Madoa, ng'ombe mkubwa wa mbegu ya Kiborani, nikachuchumaa, nikashika chuchu. Sikumbuki teke lenyewe. Nakumbuka nimekaa kwenye matope na ndoo iko kichwani. Mzee Chidosa, mkuu wa wachungaji, alikuwa ameegemea boriti za zizi akichonga fimbo. Hakucheka. Akasema, "Mama, umekuja kukamua au umekuja harusini? Nenda kaoge kwa maji matupu, kisha rudi umsalimie. Hajui wewe ni nani."

Nikaoga, nikarudi, nikasimama mbele ya ng'ombe kama mjinga. "Namsalimiaje?"

"Kwa sauti. Kila mkamuaji ana wito wake. Tafuta wako, na ukishaupata usiubadilishe, hata ukiwa na mafua."

Ndivyo nilivyopata wito wangu. Unaanza chini, unapanda taratibu, unakatika, unashuka kwa kuvuta: hooo, hoo-ya, Madoa, hoo-ya. Unamwachia ndama aanze kunyonya kidogo, unamtoa, unaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu huku unaita. Ng'ombe anaachia maziwa. Ukiwa na hasira hakupi. Ukiwa na haraka hakupi. Miaka ya baadaye wakuu walileta mashine ya kukamulia, ya jenereta. Tuliitumia siku mbili. Ng'ombe waliisikia inavyonguruma wakabana maziwa yote. Iliishia stoo, kuku wakatagia ndani yake, na mimi nikaendelea kuita. Upepo ukivuma kuelekea mlimani, wito wangu ulisikika hadi upande wa pili. Watu wa kule walikuwa wakiusikia wanajua jua limefika wapi.

Jambo la pili alilonifundisha Mzee Chidosa lilikuwa la kuhesabu. Alinikuta jioni moja nimesimama kwenye lango la zizi nanyoosha kidole, moja, mbili, tatu. Akanishusha mkono.

"Unafanya nini?"

"Nahesabu, baba. Wako arobaini na wawili, wametimia."

"Madoa yuko wapi?"

Nikatazama. Madoa hayupo. Aliyekamilisha ile arobaini na mbili alikuwa fahali wa jirani aliyejichanganya njiani. Mzee akasema kwa Kigogo, nami nawaandikia kwa Kiswahili: ng'ombe hahesabiwi, ng'ombe anatazamwa sura. Anayehesabu anajua wangapi. Anayetazama anajua nani. Lishikeni hilo. Mimi nililishika kwa ng'ombe nikaliachia kwa watu.

Kisha ikaja ile miaka ya mageuzi. Madukani vitu vikajaa, sabuni za kila rangi, redio, nguo za mitumba kwa marobota, na huku ranchi ikawa inakauka. Watu wakapunguzwa kazi. Mzee Chidosa akapewa barua na blanketi. Akaikunja barua bila kuisoma, blanketi akamtandika punda wake, akaenda kwao. Tukabaki kumi na mmoja. Meneja aliyeletwa wakati huo alikuwa kijana mwenye mawazo. Akasema bonde hili lina mlima, lina chemchemi, lina ng'ombe, lina hewa, na Dodoma kuna watu wa maofisini hawana pa kwenda siku za mapumziko. Tuwaite. Wapande mlima, wanywe maziwa, walale kwenye mahema, warudi. Ranchi ikionekana ina faida haitauzwa, na sisi kumi na mmoja hatutapewa mablanketi.

Akanichagua mimi niwaongoze. Nilimwambia mimi ni mkamuaji. Akasema, "Mama Chiku, wewe ndiye pekee hapa usiyeogopa kumwambia mtu mzima akae chini." Hapo hakukosea.

Sasa sikilizeni habari ya filimbi.

Meneja alikwenda mjini Dodoma, akarudi na filimbi za plastiki nyekundu zenye kamba ya kuvaa shingoni, zile za marefa. Akasema mgeni akipotea apige mara tatu, na sisi tutamfuata kwa sauti. Zamani kitu kama hicho usingekipata hapa, lakini wakati huo kila kitu kilikuwa kinapatikana. Tatizo ni kwamba hata wezi wa ng'ombe walikuwa wanakwenda madukani.

Kule upande wa pili wa mlima, mwezi mmoja kabla, walikuwa wameibiwa. Wezi wa zamani walikuja kimya. Hawa wapya walijigawa kwenye mawe, mmoja huku, mwingine kule, wakawa wanapeana habari kwa filimbi: tatu fupi, kimya, tatu fupi. Mzee Ndahani, mtu mwenye heshima kule, alipoteza ng'ombe wote wa zizi lake, na mwanawe mkubwa alikatwa panga la mkono akijaribu kuwazuia. Mkono haukurudi kufanya kazi. Wanaume wa kule wakakubaliana: filimbi ikilia tena mlimani, ni yowe mara moja, kila mwanaume na silaha yake, hakuna kuuliza maswali.

Nilikuwa najua. Mama mmoja alinisimulia tukiwa kwenye josho, ng'ombe wanaogeshwa, nikatikisa kichwa nikasema poleni. Siku chache baadaye nikazipokea zile filimbi kwa meneja, nikazitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Habari ya josho ilikaa upande mmoja wa kichwa changu, filimbi zikakaa upande mwingine, wala hazikukutana. Ninyi mnaosema mimi mkali, jueni ukali wangu ulianzia hapo. Ninajikaripia mwenyewe, ninyi mnapita tu karibu.

Ilikuwa mwezi wa saba, ile baridi yenye upepo. Wakaja wageni watano kutoka ofisi moja ya Dodoma, wengi wanakaa mtaa wa Area D. Gari lao lilikuwa limeharibika Kibaigwa wakalala pale kwenye malori ya mahindi, wakafika wamejaa vumbi la pumba. Alikuwepo Mama Tunu, mpiga chapa wa ofisi, mnene, mcheshi. Vijana wa ranchi waliposikia kazi yake wakamwuliza anapiga chapa ng'ombe wangapi kwa siku, naye akawajibu, "Nawapiga wakubwa wenu, na hawalii." Na alikuwepo kijana mmoja mrefu aitwaye Deusi, mtu wa Bukoba, ana miezi mitatu tu Dodoma. Kigogo hajui hata salamu. Amevaa koti la mtumba la rangi ya majani makavu na mabuti mapya.

Asubuhi niliwapeleka zizini. Deusi akataka kukamua. Nikamwambia kwanza umwite. Nikamwonyesha wito wangu, hooo, hoo-ya. Akavuta pumzi, akaita.

Sijui niwaelezeje. Ilianza juu ambako ingeanza chini, ikavunjika katikati, ikamalizikia puani. Kama mbuzi anayeburutwa kwenda machinjioni na njiani amepaliwa. Madoa, wakati huo ni mzee na hana haraka na kitu chochote, aliacha kutafuna. Akageuza shingo akamtazama.

"Anasemaje?" akauliza Deusi.

"Anauliza unaumwa wapi," nikamjibu. Mama Tunu akacheka hadi akashikilia boriti. Deusi akarudia, kwa makusudi sasa, ikawa mbaya vilevile. Nikamwambia, "Baba, tafadhali, usirudie hiyo karibu na ng'ombe wangu. Watakauka maziwa."

Saa mbili tukaanza kupanda. Nikawavika filimbi mmoja mmoja. Ya Deusi niliifunga mwenyewe, maana kamba ilikuwa ndefu, nikapiga fundo nyuma ya shingo yake. Nikamwambia, "Ukipotea, mara tatu."

Njia ile mnaijua. Unapita mawe makubwa, unapita miti ya migunga, unafika kwenye tambarare ya juu ambako ng'ombe hulamba chumvi, na hapo unaona mabonde mawili, letu na la kina Ndahani. Tulifika salama. Wakapiga picha. Kabla hawajamaliza, ukungu ukaja. Ukungu wa mwezi wa saba hauna hodi. Unaona mlima, unafumba macho kupiga chafya, unafumbua huoni mkono wako.

Nikasema, "Tunashuka sasa hivi. Kila mtu ashike nguo ya mwenzake." Nikatangulia. Kwenye kona ya jiwe lenye ufa nikasimama, nikawaacha wanipite, nikawahesabu. Wamejitanda kila mmoja, huyu kanga, huyu blanketi, vichwa tu ndani ya ukungu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Wametimia. Nikashukuru Mungu, nikaendelea.

Mnaona nilichofanya.

Tulipofika kwenye chemchemi ukungu ulikuwa umepungua. Wa tano akasimama, akajifunua kanga. Alikuwa mama wa kibarua mmoja wa ranchi, ana mzigo wa kuni mgongoni. "Ahsanteni kwa kampani, Mama Chiku," akasema. "Mimi nakatisha huku." Alitukuta kule juu, akaogopa kushuka peke yake, akaingia kwenye mstari wetu.

Nikatazama sura, sasa. Mama Tunu. Yule baba mwenye miwani. Wale mabinti wawili.

"Deusi yuko wapi?"

Mama Tunu akageuka. "Si alikuwa nyuma yangu? Kuna mtu amenishika kanga njia nzima."

"Aliyekushika ni huyu na kuni zake."

Mabinti wakaanza kuita, "Deusi, Deusi." Nikawaambia wanyamaze nisikilize. Kimya. Maji ya chemchemi. Kisha ikatoka juu, mbali, si upande wetu, upande wa Ndahani: filimbi. Tatu fupi. Kimya. Tatu fupi.

Mama Tunu akashika kifua kwa furaha. "Ahsante Yesu. Yuko salama, anapiga kama ulivyomfundisha."

Hapo ndipo vile vitu viwili vilipokutana kichwani mwangu. Habari ya josho na filimbi ya msumarini. Na kabla sijasema neno, yowe likapigwa.

Ninyi hamjalisikia yowe la kweli, na nisingependa mlisikie. Linaanza kwa mtu mmoja, sauti nyembamba ya juu, analipokea mwingine mbali kidogo, na mwingine, linazunguka bonde zima kama moto kwenye nyasi. Huwezi kuliita lirudi. Na yule kijana kule juu, akisikia watu wengi wanapiga kelele, angefikiri nini? Angefikiri wamekuja kumsaidia. Angepiga filimbi kwa nguvu zaidi. Na ndivyo alivyofanya.

Nikawavua wote filimbi nikazifunga kwenye upindo wa kitenge changu. "Kaeni hapa. Shikaneni mikono. Asinifuate mtu, na asipige kelele mtu." Yule baba mwenye miwani akaanza kusema yeye ni mwanaume, twende wote. Nikamwambia, "Kule hawakujui. Ukija watawachoma wawili. Kaa chini." Akakaa.

Nikapanda. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na kidogo, nina nguvu, lakini njia ya kupanda kwa hofu ni ndefu kuliko njia yenyewe. Viatu nilivivua vikabaki. Filimbi ililia tena mara mbili. Kisha ikakatika katikati, ya pili haikufika ya tatu. Nikajua wamemwona, au yeye amewaona.

Nilipoikata tambarare na kuanza kushuka upande ule, ukungu ulikuwa unapasuka vipande vipande. Nikawakuta kwenye yale majabali yaliyolaliana. Wanaume ishirini hivi, wamezunguka. Mikuki, marungu, wengine pinde. Hakuna anayepiga kelele tena. Mkiona watu wenye silaha wamenyamaza, mjue wameshaamua. Kati ya majabali kuna upenyo, mtu anaingia kwa ubavu. Chini yake filimbi nyekundu imedondoka, kamba imekatika, na kwenye mchanga alama za buti. Wezi wa mwezi ule walikuwa wamevaa mabuti.

Mzee Ndahani alikuwa mbele. Nilimjua, alikuwa akileta ng'ombe wake kwenye josho letu walipokuwepo. Nikamsalimia, nikihema.

"Mbukwa, Mzee Ndahani."

Hakuitika. Hakugeuka hata. "Rudi kwenye maziwa yako, Mama Chiku. Hapa si mahali pako leo."

"Aliye humo ndani ni mgeni wangu. Amepotea kwenye ukungu."

"Mgeni gani anajificha kwenye jiwe?"

"Mgeni anayeona mikuki."

Kijana mmoja mwenye upinde akasema, "Tumesikia filimbi kwa masikio yetu. Ileile. Tatu, kimya, tatu."

"Filimbi nimempa mimi."

Hapo Ndahani akageuka. Nilitamani asingegeuka. "Wewe? Umempa mtu filimbi. Juu ya mlima huu. Mwezi huu."

"Ndiyo."

"Umemwona mwanangu? Umeuona mkono wake?"

"Sijauona. Nimesikia."

"Umesikia, na ukampa mtu filimbi." Akatema mate pembeni. "Watu wamekuwa wakisema wezi wana mtu wao ranchini. Wanasema haiwezekani wageni watoke mbali wajue mapito yote bila mwenyeji. Mimi ndiye niliyekuwa nakataa. Na sasa wewe mwenyewe umekuja kwa miguu yako kunieleza."

Hilo sikulitegemea. Nilifikiri nikisema ukweli inatosha. Wanaume wawili wakasogea, wakasimama nyuma yangu. Nikafungua upindo wa kitenge nikamwonyesha zile nne. "Tazama, kila mgeni ana yake. Wengine wako kwenye chemchemi, wanawake watatu na baba mmoja. Mtume mtu akawaone."

"Kwa hiyo ziko tano," akasema yule wa upinde. "Kundi zima."

Nikaona maneno yangu kila yanapotoka yanageuka kuwa kamba. Nikapaza sauti kuelekea kwenye upenyo. "Deusi. Toka, mimi Mama Chiku."

Hakutoka. Sasa nafikiria, mtu amejibana gizani kwenye jiwe, ameshapigwa jiwe la kichwa, nje anasikia lugha asiyoijua, katikati yake anasikia jina lake. Mimi pia nisingetoka.

"Umempa na jina," akasema Ndahani. "Jina hata mwizi analo, si ushahidi." Akamwashiria kwa kichwa yule kijana wa upinde. Kijana akapiga goti moja, akaweka mshale. Ncha ilikuwa na ile rangi nyeusi ya sumu mnayoijua. Mshale huo hauna haja ya kupata moyo, ukikwaruza tu inatosha.

Sikufikiri. Mtu asiwadanganye kwamba nilipata wazo. Mdomo ulifanya kazi uliyoizoea miaka yote ikiwa mbele yake kuna mnyama mwenye hofu. Nikaita.

Hooo. Hoo-ya, Madoa. Hoo-ya.

Wanaume wote wakanitazama. Ule wito waliujua, waliuzoea kila jioni, wengine tangu wakiwa watoto. Kuusikia pale, saa tano asubuhi, hakuna ng'ombe, ilikuwa kama kuona mtu anapika barabarani. Yule kijana akalegeza uzi kidogo. Nikaita tena, sauti inatetemeka lakini sikubadilisha. Usiubadilishe hata ukiwa na mafua.

Na kutoka ndani ya jabali akaitika.

Ilianza juu ambako ingeanza chini. Ikavunjika katikati. Ikamalizikia puani, na sasa ilikuwa na kilio ndani yake, kwa hiyo ikawa mbaya kuliko ya zizini. Ikagonga kwenye mawe ikarudi mara mbili.

Kisha mzee mmoja nyuma, mtu wa miaka mingi mwenye mkuki mrefu kuliko yeye, akaguna. "Huyo," akasema, "hajawahi kulala nyumba moja na ng'ombe tangu azaliwe."

Mwingine akasema, "Huyo akiiba ng'ombe, ng'ombe watarudi wenyewe kwa aibu."

Kikatoka kicheko kimoja, kikatoka cha pili. Ndahani hakucheka. Aliendelea kuutazama ule upenyo. Akasema, "Mwite tena."

Nikaita. Deusi akaitika. Mbaya vilevile, palepale pabaya.

Ndahani akaweka mkono kwenye bega la yule kijana, naye akautoa mshale kwenye uzi, akaufunga ncha kwa ngozi. "Mwambie atoke. Taratibu. Mikono juu."

Alitoka kwa ubavu, damu imekauka kwenye jicho, koti limechanika. Alipowaona wale wanaume ishirini akakaa chini palepale. Nikamwendea nikamfuta uso kwa kitenge. Akaniambia kwa kunong'ona, "Mama, nilipiga mara tatu kama ulivyosema." Hilo neno ninalo mpaka leo. Hakulisema kwa kunilaumu, na ndiyo maana ninalo.

Ndahani alivua shuka lake akamfunika. Kisha akaninyooshea kiganja. Nikampa zile nne, akaokota ya tano. Akazipanga kwenye jiwe, akazivunja kwa rungu moja moja bila haraka, mpaka zikawa vipande vyekundu. Akasema, "Ukitaka kuleta watu wako kwenye mlima huu, usiwafundishe cha dukani. Wafundishe hicho alichofanya huyu. Na kabla ya kupanda, uje kwangu uniambie. Wewe mwenyewe, si barua."

Nikasema nitakuja. Nikasema, "Na mkono wa mwanao, nisamehe." Akasema, "Hukuukata wewe." Halafu akaongeza, "Lakini leo ungetukatisha na sisi kitu." Alimaanisha wangekuwa wameua mtu asiye na kosa, na wangeishi nalo.

Jioni nilimweleza meneja yote. Akasema tusilitangaze, wageni wataogopa, ranchi itauzwa. Nikamwambia wanaokuja wana haki ya kujua wanapanda mlima wa nani. Tukagombana. Akanisimamisha kazi wiki mbili, na katika wiki hizo Madoa na wenzake wakabana maziwa, kwa hiyo akaniita siku ya tano. Akanipa daftari niandike wageni wangapi wamepanda na wangapi wameshuka. Sikuandika wangapi. Niliandika majina, na pembeni ya kila jina, sura ilivyo na nguo aliyovaa. Ranchi kuuzwa iliuzwa miaka mingi baadaye, na wala si kwa sababu ya Deusi.

Tangu siku ile hakuna mgeni aliyepanda na mimi bila kupita zizini kwanza. Kila mmoja aliita. Mkuu wa idara, daktari, Mzungu, mtawa, wote. Waliokuwa wanajitahidi kuita vizuri niliwazuia. Vizuri haikuwa kazi yao. Na siku moja kabla, nilikuwa navuka mlima kwenda kumwambia Mzee Ndahani: kesho, watu fulani, wamevaa hivi.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba tena, nilikuwa na kundi kwenye chemchemi. Ukungu ukatukuta palepale. Nikawa nimewashikanisha mikono, natazama sura tena na tena, maana nilisikia nyayo juu yetu, nyayo za mtu mzito anayeshuka, na sikuwa na mtu wangu kule. Wageni wakaanza kuulizana kwa kunong'ona ni nani. Nikasema sijui. Nyayo zikasimama.

Kisha kutoka kwenye ukungu ikatoka ile sauti. Juu ambako ingekuwa chini, ikavunjika, ikamalizikia puani. Ilikuwa ya mzee, nzito, aliyeifanyia mazoezi mpaka ikawa mbaya sawasawa.

Nikaitika wito wangu. Mzee Ndahani akatokeza kwenye ukungu, mkuki begani, uso haucheki. Akanitazama, akatazama wageni wangu mmoja mmoja.

"Mbukwa, Mama Chiku," akasema. "Nimekuja kuona kama sura za watu wako zimetimia."